Akili mnemba inaelekea wapi? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Kigoma

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa darasa letu la kompyuta hapa Kigoma mjini, wazazi wao, na wateja wanaokuja kuchapisha barua kisha wakabaki wakiuliza. Maswali yameandikwa karibu na jinsi yanavyoulizwa. Mahali jambo linapotugusa moja kwa moja sisi tunaokaa mwisho wa reli, jibu ni refu. Mahali lisipotugusa sana, ni fupi.

Mbona akili mnemba imevuma juzi tu? Ilikuwa wapi?

Ilikuwepo. Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing aliuliza mwaka 1950 kama mashine inaweza kufikiri, na mwaka 1956 John McCarthy na wenzake walikutana katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, wakalipa somo hili jina lake la Kiingereza, artificial intelligence, kwa kifupi AI. Kwa miongo mingi lilikwenda kwa kusuasua kwa sababu kompyuta zilikuwa dhaifu na data haikutosha. Baadaye intaneti ikajaa maandishi na picha, chipu zilizobuniwa kwa michezo ya kompyuta zikaonekana kuwa hodari kwa hesabu za aina hii, na mwaka 2017 watafiti wa Google wakachapisha muundo uitwao transfoma, unaopima uhusiano wa maneno yote ya sentensi kwa pamoja badala ya kwenda neno kwa neno. Tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT, programu unayoiuliza ikakujibu kwa maandishi, ikafunguliwa kwa umma, na hapo ndipo habari zilipofika hadi vijiweni.

Inafikiri kweli au inabahatisha?

Msingi wake ni kukisia kipande cha neno kinachofuata, kwa kufuata mifumo iliyojifunza katika maandishi mengi kupita kiasi. Haina daftari la ukweli ndani yake. Ndiyo maana ukiiuliza meli ya Kalemie inaondoka lini inaweza kukutungia siku na saa, kwa lugha safi na ya kujiamini, bila kuwa imeona ratiba yoyote.

Hali hii inabadilika. Tangu Septemba 2024, kampuni ya OpenAI iliyounda ChatGPT ilipotoa mfumo uitwao o1, kampuni zimekuwa zikifundisha mashine zitumie muda kupanga hatua za jibu na kujikagua kabla ya kujibu. Januari 2025 kampuni ya DeepSeek ya China ikatoa R1, mfumo wa aina hiyohiyo, na kuuachia umma uupakue. Katika hesabu na uandishi wa programu tofauti inaonekana wazi. Mifumo mingi sasa pia hupekua mtandao kabla ya kujibu. Makosa yatapungua, lakini sioni dalili kwamba yataisha karibuni. Kila jibu lenye namba, jina la mtu, tarehe, kifungu cha sheria au dawa, lihakiki kwingine kabla hujalitumia.

Ni mabadiliko gani makubwa yanayokuja?

Wengi wanatazama mashine zinavyozidi kuwa kubwa. Mimi naona mambo mawili yatatufikia mapema zaidi.

La kwanza ni mawakala. Badala ya kujibu swali tu, programu inapewa kazi na kuitekeleza yenyewe: inafungua tovuti, inajaza fomu, inatuma barua pepe, inapanga mahesabu. Tangu mwishoni mwa 2024 kampuni za Anthropic, OpenAI na nyingine wameonyesha mifumo inayobofya na kuchapa kwenye kompyuta kama mtu. Mfanyabiashara wa dagaa mwenye daftari la mikopo la mwaka mzima ataweza kulipiga picha kurasa zake na kuomba orodha ya nani anadaiwa nini. Hilo ni jema. Lakini mtu akimpa wakala huyo neno la siri la benki au namba ya siri ya pesa za simu, amekabidhi funguo kwa kitu ambacho bado hukosea na ambacho matapeli wanaweza kukidanganya kwa maandishi yaliyofichwa kwenye tovuti. Kwa sasa ushauri wangu ni huu: iandae kila kitu, lakini kubonyeza "tuma" kubaki kwako.

La pili ni sauti na picha. Mifumo ya zamani ilitaka uchape. Mipya inasikia, inaongea na inaona. Kwa mama ambaye hakupata kusoma lakini anaijua biashara yake kwa kichwa, huu ndio mlango, kuliko kompyuta yoyote iliyowahi kuletwa mkoani.

Sisi bando letu la kuungaunga. Teknolojia hii si ya watu wa mji mkubwa?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na ndilo linalonifurahisha zaidi kujibu, maana watu wanadhani jibu ni baya.

Ni kweli kwamba mifumo mikubwa inaishi kwenye maghala ya kompyuta mbali na hapa. Swali lako linasafiri kwa Mkongo wa Taifa hadi pwani, linaingia kwenye nyaya za chini ya bahari, kisha jibu linarudi. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi nzima tuliona intaneti ilivyozorota. Huduma inayotegemea njia hiyo peke yake itatuangusha siku tunayoihitaji.

Lakini kuna mkondo mwingine unaokua kimyakimya: mifumo midogo. Mwaka 2020 mfumo wa GPT-3 ulikuwa na vigezo, yaani namba za ndani ambazo mfumo huzirekebisha unapojifunza, bilioni 175, na usingeweza hata kufikirika ndani ya simu. Machi 2025 Google ilitoa familia ya Gemma 3, ambayo mdogo wake wakati huo ulikuwa na vigezo bilioni 1. Ukibanwa vizuri, mfumo kama huo unachukua chini ya gigabaiti moja, unakaa ndani ya simu janja na kujibu bila bando. Haujui mambo mengi kama kaka zake wakubwa. Kwa kazi moja iliyochaguliwa vizuri unatosha.

Na ushahidi upo shambani kwetu. Programu ya PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, IITA, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, inatambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu, bila intaneti, na inaongea Kiswahili. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama inaona batobato kali au michirizi ya kahawia. Picha za kuifundisha zilipigwa kwenye mashamba ya muhogo hapahapa Tanzania. Mkoa unaokula ugali wa muhogo kama wetu hauhitaji kuelezwa thamani ya kuung'oa mche mgonjwa mapema. Nasema hivi kwa uzito: mustakabali wa akili mnemba Kigoma unafanana zaidi na Nuru kuliko na zile mashine zinazotangazwa kila wiki.

Kiswahili inakijua? Na Kiha je?

Kiswahili inakijua vizuri kuliko miaka mitatu iliyopita, ingawa bado ina lafudhi ya mtu aliyejifunzia darasani. Sarufi yake imenyooka, ila husikii mtu wa mwaloni anaongea hivyo. Sababu ni data. Maandishi ya Kiingereza mtandaoni ni mengi mno kulinganisha na yetu, na sehemu kubwa ya Kiswahili kilichopo ni tafsiri. Kuna gharama nyingine iliyojificha: mifumo hii hukata maneno vipandevipande, na maneno ya Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi kwa sababu mikatio ilipangwa kwa kufuata lugha zenye maandishi mengi. Anayelipia huduma kwa idadi ya vipande hulipa zaidi kwa kusema jambo lilelile.

Wapo wanaolifanyia kazi. Masakhane ni mtandao wa watafiti wa Kiafrika ambao tangu 2019 wamekuwa wakitengeneza data na mifumo ya lugha za bara hili. Jacaranda Health ya Kenya ilichukua Llama, mfumo wa lugha wa kampuni ya Meta, ikaifundisha Kiswahili na mwaka 2023 ikatoa UlizaLlama, iliyokusudiwa kuwajibu kina mama wajawazito. Angalia mtindo wenyewe: hawakuanza sifuri. Walichukua mfumo uliokwisha kuachiwa umma wakaongeza lugha. Hiyo ndiyo njia ambayo taasisi zisizo na mabilioni zitapita, na ndiyo maana vita vya nani anaachia mifumo yake na nani anaifungia vinatuhusu hata sisi.

Kiha ni habari nyingine. Kinazungumzwa na watu wengi kuanzia Kasulu hadi Kibondo, lakini maandishi yake mtandaoni ni kiduchu. Ila Kiha kina ndugu wa karibu, Kirundi na Kinyarwanda, na Kinyarwanda kina hazina kubwa ya rekodi za sauti kuliko lugha nyingi za Afrika: kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla wananchi wamechangia zaidi ya saa 2,000 za kusoma sentensi kwa sauti. Mashine iliyojifunza lugha moja hujifunza ndugu yake kwa data kidogo. Kwa hiyo kazi si ya kutisha kama inavyoonekana. Inahitaji wazee wa Buha walio tayari kurekodiwa, vijana wa kuandika wanachosema, na makubaliano ya maandishi kuhusu nani atamiliki rekodi hizo. Hilo la mwisho lisiachwe hadi baadaye.

Itawasaidia nini wavuvi wa Ziwa Tanganyika?

Utabiri wa hali ya hewa kwanza. Mwaka 2023 Google DeepMind walionyesha GraphCast, mfumo unaotoa utabiri wa siku kumi chini ya dakika moja kwenye mashine moja, kazi ambayo kwa njia ya zamani hutaka kompyuta kubwa sana na muda mrefu zaidi. Februari 2025 kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, kikaanza kuendesha mfumo wake wa akili mnemba kila siku sambamba na ule wa zamani. Nafuu hii ina maana kwamba hata mamlaka za nchi zisizo tajiri zinaweza kupata utabiri mzuri zaidi. Anayetoka Kibirizi au Katonga usiku wa giza na taa zake anajua upepo wa ghafla wa ziwani unafanya nini.

Kasoro moja lazima isemwe. Mashine hujifunza kutokana na vipimo vilivyokusanywa, na vituo vya kupimia hewa upande huu wa Afrika ni vichache. Bila vipimo, utabiri wa eneo dogo kama ghuba zetu utabaki wa kukadiria. Kwa hiyo endelea kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na wazee wanaolisoma ziwa.

Kuhusu samaki wenyewe, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Uamuzi kama huo huumiza watu, na unapaswa kusimama juu ya hesabu nzuri. Kutambua samaki kwa picha mwaloni, kuhesabu mitumbwi kwa satelaiti, kusoma rekodi za mavuno ya miaka: yote haya mashine zinaweza kuyafanya kwa haraka kuliko karani mmoja. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa Kigoma. Data ikikusanywa mwaloni, mvuvi aonyeshwe matokeo yake, asiwe wa kuhesabiwa tu.

Na michikichi?

Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga wanazalisha mbegu bora za Tenera, aina ya mchikichi yenye mafuta mengi, na mkulima aliyepanda anasubiri miaka kadhaa kabla ya kuvuna. Picha za droni na satelaiti zinazosomwa na mashine zinaweza kuonyesha miche iliyokufa au yenye njaa ya mbolea mapema. Kwa shamba la ekari mbili, miguu na macho yako yanatosha.

Nimesikia inakula umeme sana. Ni kweli?

Ni kweli. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data duniani vilitumia takribani saa-terawati 415 (saa-terawati moja ni yuniti za umeme bilioni moja), karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba kufikia 2030 matumizi hayo yatazidi mara mbili hadi kama 945. Si yote ni ya akili mnemba, ila ndiyo inayosukuma ongezeko. Mwaka 2024 Microsoft iliingia mkataba ili mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Pennsylvania, uwashwe tena uiuzie umeme. Kwa kulinganisha, bwawa letu la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hata likizalisha kwa uwezo wote mwaka mzima, lisingefika saa-terawati 19.

Mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya Taifa kufika unaelewa kwamba umeme ndio unaoamua nani afanye nini. Ndiyo sababu nyingine ya kuipenda mifumo midogo.

Itatunyang'anya kazi?

Baadhi ya kazi, ndiyo, na nisingependa kumdanganya mtu. Kazi ya kuchapa, kupangilia barua na kuandika wasifu wa kuombea ajira, ambayo imelisha vijana wengi wa steshenari, inapungua tayari. Mteja anakuja barua ikiwa tayari kwenye simu, anataka kuprinti tu. Tafsiri za kawaida, mahesabu ya msingi, kujibu wateja kwa ujumbe: zote ziko njiani. Wanaoandika programu nao wanaguswa, maana mashine sasa huandika sehemu kubwa ya programu rahisi.

Kazi za mikono haziguswi hivi karibuni. Fundi boti, mama anayeanika dagaa kwenye chanja, fundi wa injini ya mtumbwi, muuguzi wa zamu ya usiku: hakuna roboti ya bei nafuu inayokaribia kuwafikia. Kinachonitia wasiwasi ni ngazi ya katikati. Kijana aliyemaliza chuo alizoea kuanza na kazi ndogondogo za ofisini akajifunza humo hadi akawa mtu wa kutegemewa. Kazi hizo ndogo zikichukuliwa na mashine, atajifunzia wapi? Sijaona nchi yenye jibu zuri. Waajiri wa hapa nawaomba waendelee kuwapokea vijana wa mafunzo hata pale ambapo programu ingemaliza kazi peke yake.

Kuna kazi mpya pia, nyingine si za kujivunia. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuwa wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Kazi za kuweka alama kwenye data zitafika na kwetu. Zikifika, uliza mkataba, uliza kiwango cha malipo, uliza utaonyeshwa nini.

Mwanangu yuko kidato cha tatu. Asome nini?

Hisabati, Kiswahili na Kiingereza, na somo moja la sayansi alipende kweli. Majina ya programu yatabadilika kabla hajamaliza kidato cha sita. Kazi ya nyumbani asiiachie mashine imwandikie. Aandike kwanza, kisha aiombe imwonyeshe alipokosea. Tofauti ya watoto wanaofanya hivyo na wanaonakili tu naiona darasani.

Nimepigiwa simu na sauti ya mdogo wangu akiomba hela, kumbe si yeye. Imewezekanaje?

Pole sana. Siku hizi sekunde chache za sauti, hata zile za ujumbe wa WhatsApp, zinatosha kuiga sauti ya mtu. Utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulikuwa wa maandishi. Sasa una sauti, na unaanza kuwa na sura pia.

Wekeni neno la siri la familia, lisiloandikwa popote. Mtu akipiga kwa dharura, muulize neno hilo, au kata simu umpigie mwenyewe kwa namba yake unayoijua. Namba ya tapeli iripoti kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kagua pia kwa *106# namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usitegemee sikio lako kugundua sauti bandia. Ubora wake unapanda kila mwezi.

Naweza kuiuliza kuhusu ugonjwa?

Uliza ili uelewe maneno ya daktari au ujiandae maswali ya kumwuliza. Dozi usichukue huko. Mambo makubwa yanakuja kupitia hospitali zenyewe: tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali programu za kompyuta kusoma picha za X-ray za kifua katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, jambo lenye faida kubwa mahali wataalamu wa kusoma picha ni wachache. Homa ya mtoto haisubiri simu. Mpeleke kituo cha afya.

Kuna sheria inayonilinda?

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje. Umoja wa Ulaya una sheria mahususi ya akili mnemba tangu Agosti 2024, na Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wake wa bara Julai 2024. Mkakati si sheria. Kwa hiyo usipakie kwenye programu hizi kitambulisho cha mtu, majibu ya hospitali wala orodha ya wateja.

Je, siku moja itatuzidi akili na kututawala?

Mabingwa wenyewe hawakubaliani. Geoffrey Hinton, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024 kwa misingi ya teknolojia hii, aliondoka Google mwaka 2023 ili aseme kwa uhuru kuhusu hatari zake. Yann LeCun, aliyegawana naye Tuzo ya Turing ya 2018, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, anaona hofu hiyo imekuzwa. Katika baadhi ya mambo imekwisha kutuzidi: programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa bao uitwao Go, mwaka 2016, na programu ya AlphaFold ilitabiri maumbo ya protini hadi waundaji wake wakapata Nobel ya Kemia mwaka 2024. Mimi nahofia zaidi watu wachache wenye mashine kuliko mashine zenyewe.

Nina simu janja tu. Nianzie wapi?

Chukua programu moja ya bure, uitumie kwa kazi unayoijua vizuri: kama unauza mawese, iulize kuhusu mawese. Utaona haraka inapojua na inapotunga. Kisha tembelea Common Voice, chagua Kiswahili, usome sentensi kwa sauti. Ni bure, na mashine zijazo zitaizoea lafudhi ya kwetu. Anayetaka kuingia ndani zaidi ajifunze lugha ya programu ya Python pamoja na takwimu, na afuatilie maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Darasani kwetu tunaanza Python kwa rekodi za bei za dagaa, na asiye na kompyuta hutumia ya hapahapa.